Bingwa Aliyekuwa Miguu ya Nyuma ya Farasi

Bingwa wa Sweden alivunjika nyonga kwa kukanyaga kipande kimoja cha barafu jikoni kwake, huko Katy, magharibi ya Houston. Kipande chenyewe kilitoka kwenye friji, pale pa kubonyeza glasi barafu ikamwagika, kikadondoka chini kwenye vigae, naye akakipitia akiwa na soksi miguuni. Mtu aliyeteleza kwenye barafu ya nusu ya Ulaya mbele ya waamuzi na wapiga picha bila kuvunjika hata kidole.

Nilizijua habari hizo mlangoni, kabla sijamwona mwenyewe. Kazi yangu ni ya mazoezi ya viungo. Nawatembelea nyumbani wazee waliofanyiwa upasuaji, nawafundisha kusimama na kutembea upya. Siku hiyo nilifunguliwa mlango na mwanamke wa Kikongo, mtu wa Bukavu, aliyekuwa akitoka mtaa wa Sharpstown kila asubuhi kuja kumwogesha na kumpikia. Alivyosikia Kiswahili changu cha Kenya uso ulimfunguka, akanivuta pembeni kama watu tuliosoma pamoja.

"Karibu, dada. Mama iko mule ndani. Lakini usimuulize aliangukaka namna gani. Atakufukuza."

"Alianguka namna gani?"

Akachungulia nyuma yake, akaninong'oneza: "Glaçon. Glaçon moja tu, ya ndani ya frigo." Halafu akajiziba mdomo kwa upande wa kanga, mabega yakimtikisika.

Nilimkuta mgonjwa wangu sebuleni, amekaa wima kwenye kiti kama anayesubiri kupigwa picha ya pasipoti. Alikuwa mwembamba, nywele nyeupe zimebanwa nyuma, shingo ndefu. Hakunitazama usoni. Alitazama miguu yangu tangu mlangoni hadi nilipofika mbele yake.

"Unatembea kama mtu aliyebeba friji," akasema.

Kama ningekuwa mgeni kazini ningekasirika. Lakini nilikuwa nimeendesha gari saa nzima kwenye foleni ya barabara kuu, na akili yangu ilikuwa bado kwenye ile habari ya mlangoni.

"Na wewe hutembei kabisa," nikamjibu. "Kwa hiyo mpaka sasa mimi naongoza. Halafu naona friji kwako ni mada nyeti."

Jikoni sufuria ilianguka, nikajua yule dada amesikia. Mzee akanitazama usoni kwa mara ya kwanza, kisha akaanza kucheka, cheko la pumzi lisilo na sauti, mpaka akashika nyonga yake na kuniambia nisimchekeshe tena kabla haijapona.

Alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza, kama Wamarekani. Nikamwambia siwezi. Kwetu Taita mtu wa rika la mama yangu haitwi jina tupu, ulimi wenyewe unakataa. Akafikiri kidogo, akasema watoto wote aliowahi kuwafundisha walimwita Kocha. Basi akawa Kocha. Yule dada wa Bukavu yeye alimwita Mama, na hakuona haja ya kujadili.

Kocha alikuwa mgonjwa mbaya. Kila zoezi nililompa alikuwa na hoja ya kulikataa. Nikimwambia anyanyue mguu, anauliza kwa nini. Nikimwambia asimame kwa kushika fremu yake ya kutembelea, anasema fremu ile ina sura ya kitanda cha hospitali na yeye hatembei na vitanda. Mwishowe akanipa masharti.

"Fanya wewe kwanza. Mimi sijawahi kumfundisha mtoto kitu nisichoweza kukifanya mwenyewe."

"Mimi sina nyonga mpya."

"Hata ya zamani huijui kuitumia. Simama kwa mguu mmoja."

Nikasimama kwa mguu mmoja. Nikayumba, nikashika kabati la vikombe. Akacheka. Akasimama naye, ameshika fremu yake, akanyanyua mguu wake mzuri, akatulia juu ya ule mbovu kwa muda ambao sikuwa nimemruhusu bado. Tangu siku hiyo tukawa tunafanya mazoezi yote wawili, na yule dada akawa anasimama mlangoni na mwiko, akitupa alama kama mwamuzi. Kwangu alama zilikuwa ndogo sana.

Ni katika mazoezi hayo ndipo nilipojifunza maisha yake, kidogo kidogo. Alizaliwa kwenye mji mdogo kaskazini mwa Sweden, baba yake muoka mikate, na nyuma ya duka la mikate kulikuwa na ziwa. Majira ya baridi ziwa liliganda likawa gumu kama barabara. Baba alifagia theluji juu yake kwa lile koleo refu la kutolea mikate kwenye tanuri, na mtoto alijifunza kuteleza akisukuma kiti cha jikoni.

"Baridi kiasi gani?" nilimuuliza.

"Ukilia, machozi yanabaki shavuni."

"Na mlikuwa mnatoka nje kwa hiari yenu?"

Mimi ni mtu ninayevaa sweta Houston ikifika jioni ya Novemba, na hilo alikuwa ameshaliona.

Mchezo aliokuwa bingwa wake, alinieleza, si huu wa kuruka na kuzunguka hewani tunaouona kwenye televisheni. Zamani nusu ya alama zilitolewa kwa kuchora. Mchezaji alitoka peke yake, bila muziki, akateleza kwa mguu mmoja akichora duara barafuni kwa chuma cha kiatu, kisha akabadili mguu akachora la pili, yakaungana yakawa nane. Halafu alirudi kupita juu ya mstari uleule, tena na tena, na mstari haukutakiwa kuwa mnene. Waamuzi walikuja na makoti yao mazito, wakainama, wakatazama chini.

"Kama watu waliopoteza hereni," akasema.

Hapo ndipo alipokuwa hashikiki. Sweden nzima hakukuwa na msichana wa kuchora nane kama yake, na alikuwa bingwa wa nchi kwa miaka kadhaa mfululizo. Utotoni, ziwani kwao, majirani waliokatiza na sleji zao za kukokotwa waliharibu nane zake, naye aliwakimbiza akiwagombeza, mtoto mfupi kuliko koleo la baba yake. Lakini ilipofika zamu ya kucheza na muziki, alikuwa wa kawaida. Kwenye mashindano ya Ulaya aliongoza baada ya kuchora. Siku iliyofuata wakatoka wasichana wa kuruka, mmoja baada ya mwingine, wakampita. Akawa wa nne.

"Wa nne si vibaya," nikasema.

"Wa nne ndiye anayewashikia wengine makoti wakati wa kupigwa picha."

Aliliongea kwa utani, ila alikunja kitambaa cha mezani mara mbili alipokuwa akilisema. Nikamwambia tuendelee na zoezi.

Nilipomwona anapona lakini anakataa kuiacha fremu, nilifanya kosa la kumwekea dau. Nikamwambia siku atakayotembea mpaka kwenye sanduku la barua, kule mwisho wa njia ya gari, kwa fimbo tu, nitafanya chochote atakachotaka. Nilidhani atataka keki. Wiki ileile nikamkuta amevaa viatu, ananisubiri. Alishika fimbo, akatoka nje, akaenda mpaka kwenye sanduku la barua, akalipiga kofi dogo kama mtu anayempongeza ng'ombe, akageuka.

"Utavaa viatu vya barafu," akasema.

Nilipomwambia mume wangu usiku ule mezani, aliacha kijiko.

"Wewe uli-apply kazi ya kusaidia wagonjwa, sio ya sarakasi," alisema. "Ukivunjika, nani atakuja kukufanyisha mazoezi?"

Uwanja wa barafu tuliokwenda uko Houston, ndani ya maduka makubwa. Ghorofa za juu watu wanakula na kutazama chini, na juu kabisa kuna paa la kioo. Nje lami ilikuwa inayeyuka kwa joto. Nilikodi viatu, nikavivaa, nikaingia nikiwa nimekumbatia ukuta. Kocha alikuwa kwenye kiti cha magurudumu mlangoni mwa uwanja, yule dada wa Bukavu nyuma yake ameshika mikoba yetu yote.

"Achia ukuta!" Kocha akapiga kelele. "Ukuta hauendi popote!"

Nikaachia. Nikakaa chini, bila kupanga. Nilisikia kicheko cha Bukavu kikipanda mpaka kwenye paa la kioo. Watoto wadogo walinipita pande zote mbili, wengine wakarudi kunitazama.

"Vizuri," Kocha akasema. "Sasa umeshaanguka, hofu imekwisha. Inuka."

Hofu haikuwa imekwisha hata kidogo, lakini niliinuka. Na wiki iliyofuata nilirudi, kwa sababu aliniambia kwa utulivu kabisa kwamba bila hivyo hatanyanyua mguu. Nilimwandikia daktari wake kwamba mgonjwa anaendelea vizuri na ana motisha kubwa. Sikueleza motisha hiyo ilitoka wapi.

Miezi ikapita, na nikaanza kuweza. Hakunifundisha kuruka wala kujizungusha. Alinifundisha kitu kimoja tu: kusimama kwa mguu mmoja na kuacha mwili uchore duara wenyewe. "Usilazimishe," alikuwa akiniambia. "Unataka kufika haraka kama uko barabarani. Hapa hakuna pa kufika." Mimi ninayeishi kwenye foleni nilihitaji muda mrefu kulielewa hilo.

Kisha ikaja simu kutoka kaskazini ya Dallas. Mwanafunzi wake wa zamani, mama mtu mzima sasa, alikuwa na shule yake ya kuteleza, na watoto wake walikuwa wanafanya onyesho. Alimtaka Kocha awe mgeni wa heshima. Daktari akakubali safari kwa sharti moja: asivae viatu vya barafu. Kocha akaapa mbele yangu, mkono juu. Nilimshuku kwa jinsi alivyoapa haraka.

Tukaondoka asubuhi, sisi watatu, mimi nikiendesha. Yule dada alikuwa na jamaa zake Dallas, mtaa wa Vickery Meadow, kwa hiyo alileta mfuko mkubwa wa samaki wakavu wa kuwapelekea, na gari lilinuka mpaka tukashusha vioo. Mahali fulani katikati ya njia, penye ng'ombe na mabango ya mawakili, nilimuuliza Kocha kitu nilichokuwa nikijiuliza muda mrefu. Mtu wa Sweden aliishiaje Texas?

"Nilikuja kama farasi," akasema.

Nilimtazama kwenye kioo.

"Baada ya ile nafasi ya nne, alama za kuchora zilianza kupunguzwa. Watu walichoka kutazama, wanataka kuruka. Mimi nilikuwa na kiburi, sikutaka kubaki kuwa wa nne, halafu wa saba. Likaja kundi la maonyesho kutoka Amerika, linazunguka miji na barafu yake. Likasema linamtaka bingwa wa Sweden. Nikasaini. Nilipofika wakaniambia nafasi za wachezaji wakuu zimejaa. Iliyobaki ni ya farasi."

"Farasi yupi?"

"Wa kuchekesha watoto. Watu wawili ndani ya nguo moja. Mimi nilikuwa miguu ya nyuma."

Yule dada alikuwa anafuata kwa Kiingereza chake cha kazini, na hapo akaniuliza kwa Kiswahili kama amesikia sawa. Nikamwambia amesikia sawa.

"Bingwa wa inchi muzima?" akasema. "Bamuweke ku matako ya farasi?"

Nikaona lazima nitafsiri. Kocha alifikiri kidogo, akasema, "Mwambie ndiyo. Hapo hapo."

Nililazimika kusimamisha gari kwenye kituo cha mafuta kwa sababu sikuona barabara kwa machozi. Kocha alikunywa kahawa yake akitusubiri tumalize kucheka, kisha akaendelea kwa fahari. Farasi yule hakuwahi kuanguka, kwa sababu miguu ya mbele ilikuwa ya kijana mlevi na ya nyuma ilikuwa ya mtu anayejua kazi. Ila ndani ya nguo ile hakuona kitu. Usiku mmoja, Fort Worth, onyesho likiwa limekwisha na miguu ya mbele imetoka mapema, yeye aliendelea kuteleza akitafuta njia ya kutokea, akajigonga kwenye lile trekta dogo la kulainishia barafu. Dereva akashuka. Akamfungua zipu.

"Akaniuliza, 'Bibie, uko sawa?' Mimi sikujua Kiingereza. Nikamjibu kwa Kiswidi kwamba trekta lake linaacha mistari upande wa kushoto."

Dereva huyo ndiye akawa mumewe, wakaishi pamoja mpaka alipofariki, miaka michache iliyopita. Alikuwa mtu wa Texas asiyependa baridi. Baada ya kazi aliwasha hita ya gari hata mwezi wa Juni. Alipokuwa mgonjwa kitandani, Kocha akasema, aliwahi kumwomba amwelezee tena namna nane inavyochorwa, naye alimchorea kwa kidole mgongoni mpaka akalala.

Niliendesha mpaka tukaanza kuyaona maghorofa ya Dallas.

Uwanjani walimpokea kama malkia. Walimtandikia zulia juu ya barafu, wakamkalisha kwenye kiti chake cha magurudumu, wakampa maua na kipaza sauti. Watoto wakacheza. Mimi niliyejifunza kwa kukaa chini niliwatazama mdomo wazi: wasichana wadogo wanaruka, wanazunguka hewani, wanatua kama paka. Walipomaliza, Kocha akainua kipaza sauti.

"Mnaruka vizuri sana," akasema. "Mimi sikuweza hivyo. Sasa nataka kuwaonyesha kitu kingine, lakini daktari amenikataza. Kwa hiyo atawaonyesha mwanafunzi wangu wa mwisho."

Nilitazama nyuma kumtafuta huyo mwanafunzi. Yule dada akanisukuma.

"Njo weye, dada."

"Sikuja na viatu!"

Akafungua ule mfuko wake. Chini ya samaki kulikuwa na viatu vya barafu, namba yangu. Walikuwa wamepanga wote wawili, yule mzee na yule dada, tena kwa Kiingereza cha mmoja na Kifaransa cha mwingine. Nilivivaa vikinuka samaki. Nikatoka mbele ya umati ule nikiwa na suruali ya kazini.

Nikasimama. Nikavuta pumzi. Nikajisukuma kwa mguu wa kulia, nikaacha mwili uende, na duara likaja. Lilikuja kweli, likarudi mpaka pale lilipoanzia. Nikabadili mguu. Duara la pili likaanza vizuri, na hapo ndipo nilipofanya ujinga wa kufurahi. Nikatazama watu. Nikakaa chini, hatua chache kabla ya kufunga.

Watu wakapiga makofi, kama wanavyompigia mtoto aliyesahau shairi. Kocha akaamuru asukumwe mpaka pale. Akainama kutoka kwenye kiti, akatazama mstari wangu kwa makini, kama mtu aliyepoteza hereni.

"Hii si nane," akasema kwenye kipaza sauti. "Hii ni karanga."

Uwanja ukaangua kicheko. Lakini akaongeza, "Duara la kwanza ni safi. Njooni mlione." Na watoto wakaja, wakapiga magoti kuzunguka mstari wangu. Msichana mkubwa wao, yule aliyeruka juu kuliko wote, akaomba kujaribu. Akajaribu. Likatoka kama yai. Akajaribu tena, amekunja uso, na likatoka yai jingine.

Kocha akaniomba mkono. Nikadhani amechoka, anataka kuondoka. Akanyanyuka kitini akiwa na viatu vyake vya kawaida.

"Kocha, uliapa."

"Niliapa kuhusu viatu. Hivi nimenunua dukani kwa watu wa kawaida. Mwite mwenzako anishike upande huu."

Yule dada alikuwa amesema tangu Houston kwamba barafu ni kitu cha frigo na mtu hapaswi kutembea juu yake. Alikuja akisema "Yesu wangu, Yesu wangu" kila hatua, akamshika kiunoni upande wa pili. Kocha akaweka ncha ya fimbo yake barafuni, mkono umenyooka, akaanza kugeuka pale pale kwa hatua ndogo ndogo, na sisi wawili tukamzunguka. Fimbo ilikwaruza mstari mwembamba mweupe. Tulikwenda polepole mno, na mimi nilikuwa nahesabu hatari za nyonga ile kichwani, mpaka ncha ikafika pale ilipoanzia na kuingia kwenye mstari wake yenyewe, bila pengo.

Akautazama. Mashavu yake yalikuwa mekundu. Akasema kitu kwa Kiswidi, nacho hakukitafsiri, wala sikumuuliza.

Tulishindwa kumtoa mle ndani. Watoto walipanga foleni kuchora, naye akiwa kitini kwake akawagombeza mmoja mmoja, na aliyekuwa amechoka ni mimi. Samaki walifika Vickery Meadow jioni, na jamaa za yule dada wakatulazimisha kula ugali na sombe, majani ya muhogo ya kwao, kabla ya kuondoka. Kocha alikula kwa mkono, vibaya sana, na kila mtu akamsahihisha.

Nyonga yake ilipona, na ziara zangu za kazi zikaisha. Kwenda nyumbani kwake hakukuisha. Jumamosi asubuhi nampeleka kwenye uwanja ule wa Houston, anakaa kwenye kiti chake pembeni, na amepata wanafunzi wapya, watu wazima watatu na watoto kadhaa, wanaojifunza kuchora bila kuruka. Mwezi uliopita nilifanya mtihani wangu wa kwanza wa wanaoanza. Nilipangwa na watoto wa miaka sita, na mmoja wao aliniuliza kwa upole kama nimepotea. Mume wangu alikuja na simu kurekodi, na nilipoanza duara la pili akapiga kelele uwanja mzima ukasikia, "Usituaibishe Wataita!"

Nilifaulu. Kocha alisema waamuzi wa siku hizi hawainami kutazama.